Vidonge 15 na Shombo Inayorudi

Duka la dawa moja Ngamiani, Tanga, baada ya magharibi. Mama wa baibui anajivuta pembeni mpaka wanunuzi wa dawa za kikohozi waishe, ndipo anasogea dirishani. Sauti chini. "Kaka, nipatie Flagyl. Zile zangu za siku zote."

Muuzaji haulizi kitu. Anahesabu vidonge 15, anavitia kwenye kibahasha, anaandika 1x3 kwa kalamu. Mama analipa, kibahasha kinaingia mkobani, anakwenda zake.

Za siku zote.

Wiki kadhaa sasa maneno hayo yananisumbua. Dawa ya kuua bakteria haitakiwi kuwa na mteja wa siku zote. Ama haikuwa dawa ya ugonjwa ule, ama haikutosha, ama ugonjwa una mahali unakojificha na dawa haifiki. Kila nikiyapima hayo matatu naona kwamba kwa wanawake wengi wa mji huu yanakwenda pamoja.

Dalili zenyewe zinajulikana. Utoko mwepesi wa kijivu au mweupe wa majimaji. Shombo ya samaki inayozidi baada ya tendo la ndoa na karibu na hedhi. Muwasho kidogo au hakuna, homa hakuna. Kliniki wanaandika BV, yaani bakteria vajinosisi. Mtaani utaambiwa ni fangasi, ni UTI sugu, ni PID (maambukizi ya ndani ya nyonga), ni kizazi kichafu, na kila jina lina muuzaji wake.

## Hesabu ya kibahasha

Kidonge cha metronidazole, ndiyo hiyo Flagyl, kinachouzwa sana ni cha miligramu 200. Vidonge 15 ni miligramu 3,000. Dozi ya BV ni miligramu 400 (miongozo mingine husema 500) asubuhi na jioni kwa siku 7. Ukiwa na vidonge vya 200 ni viwili asubuhi na viwili jioni, jumla 28, miligramu 5,600. Kibahasha cha 1x3 kimebeba zaidi kidogo ya nusu ya dozi. Na hata nusu hiyo wengi hawaimalizi, kwa sababu siku ya tatu shombo imekata, mdomo una ladha ya chuma na tumbo linachafuka.

Kuna kosa la upande wa pili: vidonge 10 kwa mkupuo mmoja, gramu 2, basi umemaliza. Kwa BV dozi hiyo hushindwa zaidi kuliko ya siku 7, na mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya zinaa umeshaiacha. Inapendwa kwa sababu ni rahisi kumpa mtu na kumwambia aende.

Ladha ya chuma haiondoki, ila ukimeza katikati ya chakula kichefuchefu hupungua sana. Mkojo ukigeuka rangi ya kahawia usishtuke, ni dawa. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie mhudumu kabla, maana metronidazole huongeza nguvu ya dawa ile na damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Kuhusu mnazi na bia, maboksi bado yanaonya, ingawa mwongozo wa Marekani wa 2021 unasema si lazima kujizuia. Mimi naona tumbo ambalo tayari linachafuka halihitaji mnazi juu yake. Siku 7 zinapita.

## Shombo inatoka wapi

Uke wenye afya una uchachu, pH chini ya 4.5 (pH ni kipimo cha uchachu; ikishuka, uchachu umezidi). Uchachu huo hutengenezwa na bakteria wazuri waitwao laktobasili, ambao hula sukari ya kuta za uke na kutoa asidi ya laktiki. Aliye mlinzi bora kati yao ni Lactobacillus crispatus. Wakipungua, nafasi yao huchukuliwa na kundi zima la bakteria wasiopenda oksijeni: Gardnerella, Prevotella na wenzao. Hawa hutoa kemikali za jamii ya amini, na ndizo zenye shombo.

Amini haziruki sana hewani penye uchachu. Penye alkali, yaani kinyume cha uchachu, ndipo zinapopaa. Shahawa ni alkali, damu ya hedhi nayo iko upande huo. Ndiyo maana harufu hulipuka usiku uleule wa tendo la ndoa au siku za damu, mume naye akadhani mkewe hakuoga.

Alioga. Pengine alioga mno.

## Ndimu, shabu, chetezo

Huku kwetu msichana hufundishwa kujisafisha na somo wake, na mafundisho hayo yana mengi ya heshima ndani yake. Lakini lile la kuingiza kidole na kukwangua mpaka "kuwe kukavu" ndilo linaloleta balaa. Kinachokwanguliwa si uchafu. Ni utelezi wenye laktobasili, yaani walinzi wenyewe.

Sabuni ya kipande ni alkali, pH yake huwa 9 hadi 10. Ikiingia ndani inafanya kazi ileile ya shahawa na damu, ila yenyewe huingizwa kila siku, pengine mara tatu. Harufu hupotea saa chache kisha inarudi na nguvu, mama anaongeza sabuni. Mzunguko huo ukishaanza, metronidazole inafanya kazi ya kujaza mtungi unaovuja.

Ndimu ina mtego wake. Mtu aliyesikia habari za uchachu anafikiri amepata jawabu: pH imepanda, basi tuishushe kwa ndimu. Ndimu mbichi ina pH ya karibu 2, inaunguza ngozi laini ya ndani na kuacha vidonda visivyoonekana kwa macho. Na baada ya saa chache asidi yake imekwisha, kwa sababu hakuna bakteria waliobaki wa kutengeneza nyingine. Siki hali kadhalika. Mtindi unapendwa na wengi, nao hauna madhara ukiunywa, lakini bakteria wa mtindi si wale wanaokaa ukeni, ukiwapaka hawaoti. Kitunguu saumu kinaunguza, basi.

Shabu inakausha na kubana. Ngozi kavu huchanika wakati wa tendo, na penye mchaniko virusi vya UKIMWI vina njia. Tena BV yenyewe, hata bila shabu, imehusishwa na hatari kubwa zaidi ya kupata VVU. Mtu anayeweka shabu juu ya BV anajifungulia milango miwili.

Udi, je? Fukiza nguo, fukiza kanga, fukiza chumba kizima na shela la bibi harusi. Kuchutama juu ya chetezo ili moshi upande ndani ni jambo jingine: joto na moshi huwasha ngozi, na harufu nzuri ya udi inaficha dalili uliyotakiwa kuifuatilia.

Wapo wanaosema dini inataka kusafisha ndani. Katika fiqhi ya Shafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani, josho la janaba na la hedhi linamtaka mwanamke aoshe kinachoonekana anapochutama. Hakuna sharti la kupitisha maji wala kidole kina. Mwenye shaka amuulize ustadha wake, naye amuulize kwa maneno ya wazi, si kwa mafumbo.

Kwa hiyo: maji matupu, nje tu, kwa kiganja, kutoka mbele kwenda nyuma. Sabuni ikibidi, isiyo na manukato na isivuke mashavu ya nje.

Vijifuko vya mitishamba vinavyouzwa kwenye simu kwa jina la "kusafisha kizazi" vinastahili neno moja. Ukikaa nacho siku mbili kisha vikatoka vitu vya kamasi na nyuzinyuzi, huo si uchafu wa miaka uliokuwa umejificha. Ni majani yenyewe, pamoja na ute wa ngozi iliyowashwa. Picha zinazotumwa kama ushahidi wa uponyaji ni picha za madhara.

## Kabla ya kumeza tena

Mtu aliyerudiwa mara tatu au zaidi ndani ya miezi 12 asinunue tena kwa mazoea. Apimwe. Kipimo chenyewe si cha ajabu na hakihitaji mashine kubwa: hadubini, karatasi ya pH, tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 na mtu anayejua anachotafuta.

Tangu 1983 kuna vigezo vinne vya Amsel, na vitatu vikipatikana ni BV: utoko mwepesi uliotandaa sawasawa, pH inayozidi 4.5, shombo inayopanda utoko ukichanganywa na lile tone, na chini ya hadubini seli za uke zilizofunikwa na bakteria mpaka kingo zake hazionekani. Seli za namna hiyo ziwe angalau moja katika kila tano.

Mambo yanayoharibu kipimo ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Utoko uchukuliwe ukutani mwa uke, si kwenye mlango wa kizazi, kwa sababu ute wa pale ni alkali na utapandisha pH bure. Usiende ukiwa na damu. Usiende asubuhi baada ya tendo la ndoa. Na usijioshe ndani kwa kumwonea haya daktari. Utakuwa umemwaga ushahidi chooni.

Kinachochanganywa na BV mara nyingi ni viwili, na kila kimoja kinaelezea sehemu ya "dawa imegoma".

Cha kwanza ni fangasi. Muwasho mkali, utoko mzito wa mabonge, shombo hakuna, pH iko chini ya 4.5. Metronidazole haiui fangasi hata kidogo. Mbaya zaidi, wanawake wengine hupata fangasi baada tu ya kumaliza metronidazole. Anahisi kuna kitu kimerudi, anadhani ni kilekile, anameza tena, fangasi wanazidi. Alama ya kukumbuka: shombo bila muwasho elekea BV, muwasho bila shombo elekea fangasi.

Cha pili ni trikomonasi, ugonjwa wa zinaa unaoletwa na kijidudu. Hiki kina shombo, kina pH ya juu, na kinatibiwa kwa dawa ileile, kwa hiyo mama anapona kweli. Kisha mume anarudi kutoka baharini au safari ya lori akiwa nacho, bila dalili yoyote, na ugonjwa unarudi naye. Kama kurudi kwa shombo kunafuata ratiba ya kurudi kwa mtu, trikomonasi itafutwe kwa makusudi. Vijidudu vyake hutambuliwa kwa kuchezacheza kwao chini ya hadubini, navyo huacha kucheza upesi. Slaidi iliyolala mezani saa nzima ikisubiri zamu inaweza kusomwa "hakuna kitu" wakati vilikuwepo.

Na kuna wasio na ugonjwa. Utoko mweupe au wa kuvutika katikati ya mwezi ni maumbile. Uke una harufu yake. Asiye na dalili, ambaye amesikia tu kwamba mwanamke hatakiwi kuwa na majimaji, hana cha kutibu.

## Hapa hesabu ya vidonge inayumba

Ingekuwa rahisi kumalizia kwa kusema: meza 28 badala ya 15, acha ndimu, utapona. Wengine hupona hivyo. Lakini watafiti wa Melbourne, Australia, walipowafuatilia wanawake waliomaliza siku 7 za metronidazole ipasavyo, matokeo waliyotoa 2006 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu walirudiwa ndani ya miezi 12.

Dozi kamili. Zaidi ya nusu.

Sababu mojawapo ni utando. Gardnerella hushikamana kwenye ukuta wa uke na kujenga utando unaonata, wenzake wakajibanza humo. Dawa huwaua walio juu na wanaoelea, shombo inakata, kipimo kinatoka safi. Walio chini wanasubiri. Sababu nyingine ni kwamba metronidazole inafukuza wavamizi bila kuwarudisha walinzi. Mara nyingi anayeshika nafasi baada ya dawa ni Lactobacillus iners, mlinzi dhaifu anayeelewana hata na wavamizi. Majaribio ya kuwarudisha crispatus kwa kuwapanda ukeni yameonyesha dalili njema: utafiti uliotoka 2020 ulipata waliorudiwa asilimia 30 kwa waliopandiwa na 45 kwa wasiopandiwa, ndani ya wiki 12. Vile vidonge vya "bakteria wazuri" vinavyouzwa kwa bei ya kutisha si ile bidhaa, na vingi vina aina nyingine kabisa.

Lakini sababu ya tatu ndiyo iliyokuwa mbele ya macho muda mrefu kuliko zote.

## Mwanamume

Mwaka 1955 watafiti Gardner na Dukes wa Marekani walieleza ugonjwa huu na bakteria ambaye baadaye alipewa jina la Gardner. Uchunguzi wao uliwakuta bakteria haohao katika mirija ya mkojo ya waume wa wagonjwa. Mtu angetegemea tangu hapo waume watibiwe. Walijaribiwa kweli, miaka ya baadaye, kwa vidonge peke yake, na wake zao wakarudiwa vilevile. Vitabu vikaandika: kumtibu mwenza hakusaidii. Sentensi hiyo ilidumu miongo.

Wazo lililokosekana ni kwamba kwa mwanamume bakteria wana makao mawili. Wako ndani ya mrija wa mkojo, ambako kidonge kinafika, na wako juu ya ngozi ya uume, ambako kidonge peke yake hakitoshi.

Machi 2025 timu ya Melbourne, wakiwamo Lenka Vodstrcil na Catriona Bradshaw, ilichapisha jaribio la jozi 164 za wenza katika jarida la New England Journal of Medicine. Wanawake wote walipewa dawa ya kawaida. Nusu ya wanaume walipewa vitu viwili kwa pamoja: metronidazole miligramu 400 mara mbili kwa siku, na krimu ya klindamaisini ya asilimia 2 ya kupaka kwenye uume mara mbili kwa siku, vyote kwa siku 7. Katika wiki 12, wanawake waliorudiwa walikuwa asilimia 35 pale mume alipotibiwa na asilimia 63 pale ambapo hakutibiwa. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine.

Nina shaka mbili kabla ya kuyaleta matokeo haya Tanga kama yalivyo.

Ya kwanza ni tohara. Wengi wa wanaume wa jaribio lile hawakuwa wametahiriwa, na chini ya govi ndiko bakteria hawa wanakopapenda. Wanaume wa Pwani kwa kawaida wametahiriwa tangu utotoni. Tunajua kutoka Rakai, Uganda, kwamba wake za wanaume waliotahiriwa walipata BV kidogo kuliko wenzao. Kwa maneno mengine, faida ya tohara huku tumeshaipata, na bado BV ipo. Mrija wa mkojo haukutahiriwa, na ngozi ya kichwa cha uume bado ni ngozi. Nadhani kumtibu mume kunafaa hata hapa, lakini tofauti inaweza isiwe kubwa kama ile ya 35 kwa 63.

Ya pili ni nyumba mbili. Jaribio lilichukua wenza wa mmoja kwa mmoja. Penye uke wenza, kumtibu mume na mke mkubwa na kumwacha mke mdogo ni kuziba tundu moja la paa. Kwa mantiki ya ugonjwa wenyewe, wote watatu wapimwe na matibabu yaende wiki moja. Jinsi ya kulifikisha hilo, kila familia inajua milango yake.

## Maneno ya kumwambia

Hapa ndipo mipango mingi hufia. Mke anaogopa kuulizwa "umetoa wapi?", mume anaogopa kuonekana ndiye aliyeleta. Jibu la kweli ni kwamba BV haithibitishi usaliti. Bakteria hawa wanaweza kuwapo kwa kiasi kidogo kwa mwanamke mwenye afya, wakazidi kwa sababu ya kujiosha ndani au mabadiliko mengine, na wenza wawili waaminifu wakarudishiana miaka.

Anayetaka maneno anaweza kuanzia hivi: "Baba Salma, ile dawa ninayotumia inanitibu mimi peke yangu, na wataalamu wameona tunarudishiana bila kujua. Wewe huumwi, lakini tunaimaliza pamoja siku saba." Akikataa nyumbani, nendeni kliniki pamoja, wanaume wengi humsikiliza mhudumu kwa jambo walilomkatalia mke. Mume asiye na dalili atauliza kwa nini anywe dawa. Aambiwe vilevile kwamba atasikia ladha ya chuma na huenda kichefuchefu, asije akaacha siku ya pili.

Krimu ipakwe kichwa cha uume na sehemu ya juu ya shina, na chini ya govi kama lipo, asubuhi na usiku. Isomwe vizuri dukani. Klindamaisini ya chunusi ni ya asilimia 1 na baadhi yake ina spiriti. Mwanamume akiipaka mara moja hatapaka ya pili, na atakuwa na haki. Inayotakiwa ni ile ya ukeni, asilimia 2. Ina mafuta yanayodhoofisha kondomu za mpira mpaka siku 5 baada ya kuacha kuitumia, kwa hiyo msitegemee kondomu siku hizo. Njia salama ni kutokutana mpaka wote mmalize siku 7.

## Ikiendelea kurudi

Kwa wale ambao wamefanya yote hayo na shombo bado inarudi, kuna matibabu ya kuzuia, chini ya daktari. Baada ya kozi ya kawaida, jeli ya metronidazole ya asilimia 0.75 huwekwa ukeni gramu 5 usiku, mara mbili kwa wiki, kwa miezi 4 hadi 6. Jumatatu na Alhamisi ni rahisi kukumbuka. Kwa wiki 16 utahitaji dozi 32, gramu 160. Tyubu ya gramu 30 ina dozi 6, wiki 3 tu, kwa hiyo utamaliza tano na kuingia ya sita. Uliza bei ya zote kabla hujaanza, kuliko kukatika njiani.

Katika jaribio lililotoka 2006, waliorudiwa wakati wa kutumia jeli walikuwa kama robo, dhidi ya zaidi ya nusu kwa waliopewa jeli isiyo na dawa. Baada ya kuacha, faida ilipungua: wiki ya 28 ilipofika, nusu ya waliotumia jeli walikuwa wamerudiwa. Inanunua muda wa utulivu, na fangasi huongezeka. Naona bado ina thamani, hasa kwa mtu aliyechoka.

Jeli ya ukeni si kila famasi inayo. Usikubali kupewa ya fizi; nayo imeandikwa metronidazole, lakini ni dawa ya meno yenye viungo vingine. Vinavyopatikana zaidi ni vidonge vya ukeni vyenye mchanganyiko wa metronidazole na miconazole. Jaribio moja la Kenya na Marekani lilitumia miligramu 750 na 200, usiku 5 mfululizo kila mwezi kwa mwaka mzima, na BV ikapungua kwa takribani theluthi. Muulize daktari kuhusu mpango huo kabla ya kukata tamaa na jeli.

Asidi ya boriki nayo hutumika, kapsuli za miligramu 600 ukeni kwa usiku 21, kabla ya kuanza jeli ya kuzuia. Ni sumu ikimezwa. Ule unga wa boriki wanaonyunyiza wacheza keram barazani haujapimwa wala kuandaliwa kwa mwili wa mtu. Usijaribu kujaza kapsuli zako. Kwa mjamzito hairuhusiwi kabisa.

Ramadhani isikuzuie. Vidonge vya mara mbili kwa siku vinakaa vizuri futari na daku. Dawa ya ukeni iwekwe baada ya futari, kwa kuwa kwa Shafii kuingiza kitu ndani mchana kunabatilisha funga.

Tazama pia ratiba ya uzazi wa mpango. Kitanzi cha shaba kimehusishwa na BV zaidi, wakati njia za homoni, vijiti na sindano zikiwamo, zimehusishwa nayo kidogo. Kama kurudi kulianza baada ya kuwekewa kitanzi, litaje kliniki. Usikitoe kabla hujapata njia nyingine.

Mjamzito mwenye dalili asisubiri ajifungue, kwa sababu BV imehusishwa na kuzaa kabla ya wakati. Metronidazole ya vidonge kwa siku 7 inaruhusiwa. Na mwenye homa, maumivu chini ya kitovu au damu baada ya tendo la ndoa asibaki kwenye mambo ya jeli na krimu. Hizo si dalili za BV. Aende kituo cha afya au hospitali ya Bombo siku hiyohiyo, na aseme dawa zote alizokwisha meza, hata zile za kununua bila cheti.